Namba Iliyo Chini ya Chupa Haikuambii Yote

Leo tunaweka kando hifadhidata na lugha za programu, tuzungumzie plastiki. Najua wengine mtasema, "Huyu si ni mtu wa kompyuta? Plastiki inamhusu nini?" Subirini kidogo. Inanihusu, na inawahusu nyinyi pia, hasa kama mnanunua maji ya chupa, mna mtoto anayebeba uji shuleni, au mna printa ya 3D pale kazini.

Chukua chupa yoyote ya soda au ya maji iliyo karibu nawe. Igeuze uangalie chini. Utaona pembetatu, na ndani yake namba 1. Namba hizi zilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wafanyabiashara wa plastiki, ili kuwasaidia wanaochambua taka. Namba 1 maana yake ni PET, ambayo wanakemia huiita polithilini tereftalati.

Sasa fikiria vitu vitatu. Cha kwanza ni hiyo chupa ya soda: mimina chai ya moto ndani yake, itajikunja mbele ya macho yako. Cha pili ni zile trei ngumu za chakula, mara nyingi nyeusi, ambazo unaziingiza kwenye oveni ya digrii 200 na zinatoka zikiwa na umbo lilelile. Cha tatu ni sketi ya shule ya polyesta, ambayo marinda yake yakishapigwa joto kiwandani hukaa hivyo muhula baada ya muhula, hata ikifuliwa kila Jumamosi.

Vyote vitatu ni PET! Kwenye chupa, trei na sketi, mnyororo wa molekuli ni uleule. Tofauti kubwa ni jinsi plastiki hiyo ilivyopashwa joto, ilivyovutwa na ilivyopozwa.

Kwa hiyo msimamo wangu wa leo ni huu: jina la plastiki ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni historia yake ya joto. Sisi tunaonunua, tunaouza, tunaofundisha na tunaotunga sheria tumezoea kusoma nusu ya kwanza tu, na hilo linatugharimu.

Mtu wa programu anatafuta nini hapa?

Kuna algoriti maarufu iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 1983 na Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi. Inatumika kutafuta jibu zuri pale ambapo majibu yanayowezekana ni mengi mno, kwa mfano kupanga njia ya gari linalopeleka mizigo katika maduka 60. Unaanza "joto" likiwa juu: programu inaruhusiwa kurukaruka, hata kukubali jibu baya zaidi ya lile iliyonalo. Kisha unapunguza joto polepole, nayo inatulia. Ukipunguza haraka mno, inakwama kwenye jibu la wastani.

Wazo hilo liliazimwa kwa watu wa madini na fuwele. Nimelitumia kazini mara nyingi. Siku moja nikajiuliza: hicho kitu halisi kinachopashwa joto na kupozwa polepole, ndani yake huwa kunatokea nini? Nilipoanza kusoma, mfano rahisi kuliko yote ulikuwa kwenye pipa langu la taka.

Peremende na sukari

Tuanze jikoni. Yeyusha sukari, kisha uimwage juu ya sahani baridi. Itaganda haraka na kuwa kama kioo: ngumu, yenye kuonekana upande wa pili. Hiyo ndiyo peremende. Lakini sukari hiyohiyo ikipewa nafasi ya kutulia hujipanga chembe kwa chembe, ikawa ile ya punje tunayotia kwenye chai. Asali nayo ni vilevile: ikikaa kabatini kwa miezi, hujaa punjepunje. Hakuna aliyeongeza kitu. Molekuli zimepata muda wa kujipanga, basi.

Mpangilio huo wa molekuli kwa safu na nidhamu ndio unaoitwa fuwele. Hali ile nyingine, ya molekuli kukwama ovyo kabla hazijajipanga, huitwa amofasi. Na kipimo cha ni sehemu gani ya kitu iliyojipanga tukiite ufuwele.

Plastiki ina tatizo moja ambalo sukari haina. Molekuli ya sukari ni fupi. Molekuli ya PET ni mnyororo mrefu uliosokotana na minyororo mingine kama tambi sufuriani. Ili ijipange, inabidi ijikunje mbele na nyuma, kama mtu anayekunja kamba ndefu mkononi. Jambo hili la kujikunja lilielezwa na Andrew Keller wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, mwaka 1957, alipochunguza fuwele za polithilini. Kwa sababu ya huko kusokotana, plastiki hizi hazifikii ufuwele wa asilimia 100. Daima hubaki sehemu iliyojipanga na sehemu iliyovurugika. Kazi yote ya joto ni kuamua kila upande upate kiasi gani.

Dirisha la joto

Kwa PET, kumbuka namba mbili. Ya kwanza ni kati ya digrii 70 na 80 za Selsiasi. Chini ya hapo, minyororo ya sehemu ya amofasi imeganda mahali ilipo. Juu ya hapo, inaanza kulegea na kutambaa. Namba ya pili ni karibu digrii 250 hadi 260. Hapo fuwele zenyewe huyeyuka.

Fuwele hujengeka katikati ya namba hizo mbili tu. Ukiwa karibu na digrii 80, minyororo inasogea kwa uvivu mno. Ukikaribia 250, inacheza sana kiasi kwamba hakuna mbegu ya fuwele inayoshika. Kasi kubwa kabisa iko karibu na digrii 170 hadi 180, na hata hapo PET huhitaji muda unaokaribia dakika moja kufika nusu ya safari yake.

Dakika moja inaonekana fupi. Lakini kiwandani, dakika moja ni muda mrefu kweli! Polithilini ya ndoo na mitungi (HDPE) hujipanga haraka kiasi kwamba huwezi kuikamata ikiwa amofasi kwa njia za kawaida, ndiyo maana mtungi wa HDPE usiotiwa rangi una weupe wa ukungu. PET ni mvivu, na uvivu wake ndio unaompa mtengenezaji nafasi ya kuchagua. Ukiipoza haraka, unaikamata kabla haijajipanga. Ukiipoza polepole, au ukiirudisha kwenye dirisha lile la joto, inajipanga.

Mhunzi wa jua kali pale Kamukunji atanielewa upesi. Anajua kwamba chuma kikichovywa majini kikiwa chekundu ni kitu kimoja, na chuma hichohicho kikiachwa kipoe chenyewe ni kitu kingine. Ila aangalie, hapa mambo yamegeuka: chuma cha kutengenezea visu kikipozwa ghafla huwa kigumu na chepesi kuvunjika, lakini PET ikipozwa ghafla huwa angavu na isiyopasuka kwa urahisi. Ikipozwa polepole ndipo inapokuwa nyeupe, ngumu na yenye kukatika.

Chupa inavyozaliwa

PET yenyewe ilivumbuliwa mwaka 1941 na Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wakitafuta uzi. Chupa ilikuja baadaye sana. Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1973. Shida ilikuwa kwamba chupa za plastiki za wakati huo hazikustahimili shinikizo la soda. Suluhisho lilikuwa kuivuta plastiki pande mbili, urefu na upana.

Leo kazi hiyo hufanyika hivi. Kwanza PET iliyoyeyuka hupigwa ndani ya kalibu inayopozwa kwa maji baridi. Kinachotoka ni prifomu: kichupa kinene, kifupi, kama neli ya maabara yenye kizibo cha kuzungusha. Kwa kuwa imepozwa haraka, ni amofasi na ni angavu kama kioo. Baadaye prifomu hupashwa joto hadi karibu digrii 100, yaani juu kidogo ya ile namba ya kwanza, kisha hunyooshwa kwa fimbo na kupulizwa kwa hewa hadi ijaze kalibu ya chupa.

Kule kuvutwa kunailazimisha minyororo isimame kwenye mstari, na hapo fuwele ndogo sana hujengeka. Ni ndogo kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, kwa hiyo mwanga unapita bila kutawanyika, na chupa inabaki angavu ingawa karibu robo yake imejipanga. Fuwele hizo pia huziba njia ya gesi, ndiyo maana soda haiishiwi gesi upesi.

Lakini shingo ya chupa, pale kwenye nyuzi za kizibo, haikuvutwa. Imebaki amofasi. Kwa juisi zinazojazwa zikiwa moto, karibu digrii 85 na zaidi, hilo ni tatizo. Kwa hiyo chupa za namna hiyo hupulizwa ndani ya kalibu yenye joto la digrii 120 na kuendelea, ili ukuta wake upate ufuwele zaidi na utulie. Viwanda vingine, hasa Japani, hupasha joto shingo nayo mpaka iwe nyeupe pepepe. Ukiwahi kuona chupa angavu yenye shingo nyeupe, usidhani ni plastiki mbili zimeunganishwa. Ni moja, iliyopitia joto mara mbili tofauti.

Na ile trei ya oveni? Hiyo huongezwa chembe za kuanzishia fuwele, kisha hushikiliwa kwenye kalibu ya moto hadi ufuwele wake upande. Ndiyo maana inavumilia joto ambalo chupa haiwezi hata kuliota.

Jionee mwenyewe, kisha upime

Napenda vitu vinavyopimika, kwa hiyo hapa chini ni zoezi la gharama ndogo. Kata shingo za chupa nne au tano za soda. Ondoa ule mkanda uliobaki wa kizibo, kwa sababu hiyo ni plastiki nyingine. Ziweke kwenye oveni ya digrii 150 kwa robo saa. Usitumie chombo cha kupikia chakula, fungua madirisha, na usipandishe joto kupita 200. Zitatoka zikiwa nyeupe kama maziwa. Weupe huo si uchafu wala kuungua. Ni vishada vikubwa vya fuwele vinavyotawanya mwanga. Jaribu kukunja moja ya zilizopashwa na moja ambayo haikupashwa: utasikia tofauti mkononi.

Sasa kipimo. Minyororo iliyojipanga inakaa karibukaribu, kwa hiyo PET yenye ufuwele ni nzito zaidi kwa ujazo uleule. PET ya amofasi kabisa ina densiti ya gramu 1.335 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Fuwele tupu ya PET ni 1.455. Ukijua densiti ya kipande chako, hesabu ni hii:

ufuwele = (densiti − 1.335) ÷ (1.455 − 1.335)

Unahitaji mizani ya kidijitali yenye usahihi wa gramu 0.01, kama ile ya masonara. Pima vipande vikiwa vikavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, na uning'inize vipande kwa uzi mwembamba vizame bila kugusa chini wala kando. Namba unayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, zidisha kwa 0.998 kwa sababu ya joto la maji ya kawaida, umepata densiti.

Mfano: vipande vya gramu 20.00. Mizani ikisoma 14.95, densiti ni 1.335, ufuwele ni sifuri. Ikisoma 14.62, densiti ni 1.365, ufuwele ni asilimia 25. Ikisoma 14.43, umekaribia asilimia 40. Angalia tu viputo vya hewa visishike kwenye nyuzi. Tone la sabuni husaidia. Maabara kubwa zina mashine ya kupima joto linaloingia na kutoka plastiki inapoyeyuka, na hiyo ni sahihi zaidi. Lakini shule yoyote ya sekondari yenye mizani nzuri inaweza kufanya hili la kwetu.

Hakuna plastiki "bora"

Ukishaona hivyo, unaweza kushawishika kusema: basi tupashe kila kitu joto! Hapana. Ufuwele ukipanda, plastiki hukaza, huvumilia joto zaidi, na gesi hupita kwa shida. Lakini pia hupoteza uangavu, huwa rahisi kupasuka ikiangushwa, na husinyaa kwa sababu inakuwa nzito kwa ujazo. Kipande ulichokipima vizuri kinaweza kutoka kwenye oveni kimejipinda.

Ni kama kuchagua kati ya kasi na kumbukumbu unapoandika programu. Swali la maana ni: kitatumika wapi? Na huwezi kujibu swali hilo kama muuzaji amekupa jina tu.

Tunapoteza nini?

Kwanza, nyumbani. Kenya hii chupa ya soda haifi. Inabeba maji, maziwa, mafuta, asali, na asubuhi inabeba uji wa mtoto. Maji ya Nairobi huchemka karibu digrii 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko wetu, na hata hapo tumeshapita ile namba ya kwanza ya PET. Kuta za chupa zilivutwa kiwandani, kwa hiyo minyororo ikilegea inataka kurudi ilikotoka. Hapo ndipo chupa inajikunja. Zaidi ya hayo, kadiri joto linavyopanda ndivyo antimoni, inayotumika kama kichocheo wakati wa kutengeneza PET, inavyohama zaidi kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye kinywaji.

Lakini chupa hiyohiyo, chini ya namba hiyo, ni rafiki. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya. Maji ya kunywa yaliwekwa juani ndani ya chupa za plastiki angavu, na visa vya kuhara vilipungua. Jua linaua vijidudu, na uangavu wa chupa ndio unaoruhusu mwanga kupita. Basi mama akiambiwa "plastiki ni mbaya" hajasaidiwa. Akiambiwa "plastiki ni salama" hajasaidiwa pia. Anachohitaji ni mstari mmoja: usitie kitu cha moto.

Pili, karakana. Vijana wengi wana printa za 3D siku hizi, na plastiki wanayoipenda ni PLA. Nayo ina tabia zilezile: hulegea karibu digrii 60, na ikitoka kwenye printa karibu yote ni amofasi kwa sababu imepoa haraka. Acha kishikilia simu cha PLA ndani ya gari lililoegeshwa juani Mombasa, ukirudi utakuta kimelala. Watu wengi wakiona hivyo hukimbilia kuagiza plastiki ya bei ya juu. Mara nyingi ungetosha muda ndani ya oveni ya digrii 100 hivi, kipande kikiwa kimezungushiwa mchanga au chumvi laini kisijipinde, na vipimo vikiwa vimeongezwa kidogo kufidia kusinyaa.

Hapa nina malalamiko. Muuzaji mmoja aliniuzia roli iliyoandikwa "PET". Nilitaka vipande vya kuvumilia joto karibu na injini, nikavipasha kwa utaratibu. Havikubadilika: hakuna weupe, hakuna ukakamavu, vililegea palepale. Kumbe ilikuwa PETG, yaani PET iliyochanganywa kitu kingine makusudi ili isijenge fuwele. Ni plastiki nzuri kwa uchapishaji, sina ugomvi nayo. Lakini kwa mtu anayehitaji ufuwele, herufi hiyo moja iliyoachwa ni fedha na wiki mbili za kazi zilizopotea. Nilipomuuliza muuzaji ufuwele ni kiasi gani au imepozwaje, aliniangalia kama nimemuuliza umri wa mawe.

Tatu, taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imewapa wazalishaji wajibu juu ya bidhaa zao hata baada ya kutumika. Vizuri. Lakini chupa zikikusanywa na kusagwa, kazi ndiyo kwanza imeanza. PET hunyonya unyevu, na ikiyeyushwa ikiwa na unyevu, maji hukata minyororo na plastiki inatoka dhaifu. Lazima ikaushwe, kwa kawaida karibu digrii 160. Sasa fikiria: vipande ambavyo bado vina amofasi nyingi, vikipita digrii 80, hulegea na kushikana vikawa bonge moja ndani ya mashine. Kwa hiyo kwanza huvurugwa huku vikipashwa joto mpaka vijenge fuwele, ndipo vikaushwe. Anayejua hatua hiyo anauza malighafi ya kutengenezea chupa tena. Asiyeijua anauza vipande vya bei ya chini kwa mtu anayeijua. Chupa ni ileile, na mapato hayafanani hata kidogo.

Watakaonipinga

Najua mtakachosema. Kwamba namba ni rahisi, na mwokota chupa hawezi kupima ufuwele. Kweli kabisa. Kwa kuchambua taka, jina latosha, na sitaki liondolewe. Ninachokataa ni kulitumia jina hilo kujibu maswali ambalo halikuundwa kuyajibu.

Wengine watasema joto si kila kitu: kuna urefu wa minyororo, unyevu, rangi na viungo vingine. Nakubali, na ile roli yangu ya PETG ni shahidi. Lakini kati ya hayo yote, joto ndilo ambalo fundi wa kawaida anaweza kulishika mwenyewe. Huwezi kurefusha mnyororo wa PET nyuma ya duka lako. Unaweza kununua kipimajoto.

Na wengine watasema mwananchi hasomi mambo ya digrii. Hapo nawaomba muangalie ndani ya kola ya shati la polyesta. Kuna lebo, na juu yake kuna picha ya pasi yenye vitone: kimoja maana yake joto la chini, viwili la wastani. Kila mtu anaijua, hata yule asiyesoma Kiingereza. Shati hilo ni PET! Plastiki moja, tukiivaa tunaambiwa ivumilie joto gani. Tukiinywea, tunaambiwa namba 1 tu. Mantiki iko wapi?

Ninachotaka

Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kiwanda kipya.

Moja: chupa ziwe na alama ya joto, kama lebo ya shati. Kikombe chenye mvuke kilichopigwa mstari kinatosha.

Mbili: wanaouza plastiki za karakana na vipande vya kuchakata upya waandike, pembeni ya jina, kama ni amofasi au imejengwa fuwele, na kama imechanganywa kitu cha kuizuia isijipange. Wanunuzi nasi tuulize kabla ya kulipa. Wengi tukiuliza, watajibu.

Tatu: walimu wa kemia na fizikia wachukue lile zoezi la shingo za chupa. Mwanafunzi aone kitu kikigeuka kutoka kioo hadi maziwa bila kuongezwa chochote, kisha apime na kukokotoa mwenyewe. Vifaa vingi viko kwenye pipa la taka nje ya darasa.

Mimi wikendi hii narudia vipimo vyangu kwa shingo zilizopashwa kwa dakika 5, 15 na 60, nione ufuwele unaacha kupanda wapi. Nikimaliza nitaweka jedwali hapa pamoja na kijiprogramu cha kukokotoa densiti. Wenye mizani, jaribuni pia tulinganishe namba. Hadi wakati huo, kazi njema, na uji wa mtoto utieni kwenye themosi.